Masizi yanaungua, majivu hayaungui: maswali yenu kuhusu DPF

Barua za safari hii karibu zote zimegusa kitu kimoja: lile chujio la masizi lililo kwenye bomba la eksozi la magari ya dizeli ya kisasa, ambalo mafundi na wenye magari wanaliita DPF. Tumechagua tano.

Taa inarudi kila baada ya wiki mbili

*Habari za kazi. Nina Mazda Demio ya dizeli ya 2015, sisi 1500. Natoka Njiro kupeleka watoto shule, napita sokoni, narudi. Kwa siku sifikishi kilomita 12. Taa ya DPF huwaka, inazimika nikienda Moshi, halafu wiki mbili baadaye inarudi. Fundi anasema sensa imekufa. Ni kweli?*
Mama wa watoto watatu, Njiro, Arusha

Njema, dada. Kama taa inazimika yenyewe kila ukienda Moshi, filta yako bado inachoma masizi na kompyuta inaliona hilo, kwa hiyo usinunue sensa. Gari lako linakosa joto.

Ndani ya DPF kuna tofali la kauri lenye vijia vyembamba vingi mno. Kila kijia kimezibwa upande mmoja, kwa hiyo moshi unalazimika kupenya kwenye kuta zake na masizi yanabaki nyuma. Yakifika kiasi fulani, kompyuta hupandisha joto la eksozi mpaka kama nyuzi 600 ili yaungue yawe gesi. Kwa Demio, joto hilo linapatikana kwa injekta kunyunyiza dizeli kidogo kwa kuchelewa, wakati pistoni imeshashuka. Dizeli hiyo haisukumi gari. Inakwenda kuungua kwenye katalisti, kifaa kinachosaidia mabaki ya mafuta kuungua, kilichotangulia filta. Kazi nzima huchukua dakika 15 hadi 20, na inataka mwendo usiokatika.

Safari yako ya asubuhi haitoi nafasi hiyo. Arusha ya Juni na Julai, ile taa ya bluu ya injini baridi inazimika ukiwa umeshakaribia geti la shule. Uchomaji unaanza, unazima gari. Jioni unaanza tena, unakatika tena. Kila jaribio linakula dizeli, na masizi yanazidi kuongezeka.

Jifunze kulitambua gari linapochoma. Mzunguko wa injini ikiwa silensa, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, unapanda kidogo kuliko kawaida, ule mfumo wa kuzima injini kwenye foleni unaacha kufanya kazi, feni inazunguka hata kukiwa na baridi, na ukishuka unasikia harufu ya chuma kilichoungua. Ukiona dalili hizo umefika nyumbani, usizime. Zunguka tena barabarani dakika 10 au 15 mpaka silensa irudi chini. Kwa matumizi ya mjini, uchomaji mmoja kila kilomita 150 hadi 300 hivi si ajabu. Ukianza kuuona kila baada ya kilomita 60 au 80, hapo kuna ugonjwa, na jibu la tatu hapa chini litakuhusu.

Mbali na hayo, tenga safari moja kila wiki. Hakikisha tanki lina angalau robo, kwa sababu magari mengi hukataa kuchoma taa ya mafuta ikiwa inawaka. Endesha mpaka injini ipate moto, kisha shika mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa kwa dakika 20, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukiwa kati ya 2,000 na 2,500. Kama gia yako ina alama ya M, iweke hapo na ubaki gia ya chini kidogo, maana gia ya juu kabisa inaiacha injini izunguke polepole na eksozi inapoa. Kutoka kwako tunaipenda zaidi njia ya Kisongo kuelekea Makuyuni. Ile ya Moshi ina Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, na vibao vya 50 vinafuatana. Ukibanwa na kibao cha 50, gia ya tatu inatosha kulinda joto. Kupiga resi gari limesimama uwanjani hakusaidii, kwa kuwa injini isiyo na mzigo haitoi joto la maana.

Jambo la mwisho kwako, dada: taa iliyotulia inakuomba safari. Taa inayopepesa, au inayowaka pamoja na ile ya injini, maana yake kompyuta imeshafika mwisho wa kuvumilia. Hapo usiende Makuyuni, nenda gereji yenye mashine ya kupimia.

Oili inapanda

*Nina Mazda CX-3 ya dizeli. Kila nikipima oili naikuta imepanda badala ya kushuka. Jirani anasema nina bahati, injini haili oili.*
Mwalimu mstaafu, Rau, Moshi

Shikamoo mwalimu. Hiyo si bahati, tunakuomba uishughulikie wiki hii. Ile dizeli inayonyunyiziwa kwa kuchelewa haiendi yote kwenye eksozi. Nyingine inagusa kuta za silinda, inapita kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Uchomaji ukikatizwa mara nyingi, oili inageuka mchanganyiko.

Vuta kijiti cha oili ukiangalie vizuri. Juu ya alama mbili za kawaida, Mazda wameweka alama ya X. Oili ikifika X, imwage, hata kama uliibadilisha kilomita 2,000 tu zilizopita. Dizeli inaifanya oili iwe nyepesi, inashindwa kulinda beringi na mhimili wa turbo. Ikizidi sana, mvuke na matone yake huvutwa kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli inaweza kuanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe, ikapiga resi hadi kufa hata ufunguo ukiwa mkononi mwako.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Nyua nyingi za upande wenu zina mteremko, na mteremko unadanganya kijiti. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Likitengeneza duara jeusi katikati na ukingo mpana wa maji maji unaonuka dizeli, jibu umelipata.

Kwenye duka la oili, soma mgongo wa kopo. Unatafuta maandishi DL-1, ya unene wa 0W-30 au 5W-30. Hicho ni kiwango cha Japani kwa dizeli ndogo zenye DPF, na majivu yake hayazidi asilimia 0.6. Ukiikosa kabisa, ile ya kiwango cha Ulaya, ACEA C3, yenye ukomo wa asilimia 0.8 ni bora mara kumi kuliko 15W-40 ya malori ambayo watu huuziwa kwa sababu kopo limeandikwa dizeli. Kumbuka hili, maana ndilo linaloua filta nyingi: masizi yanaungua, majivu ya oili hayaungui. Kila tone la oili isiyofaa linaloungua linaacha majivu ndani ya kauri, na yatabaki humo hadi filta ifunguliwe.

Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi 6, pamoja na filta yake. Kitabu cha gari cha Japani kinaweza kuruhusu zaidi, lakini hakikuandikwa kwa safari za Rau hadi sokoni. Na ukipata sababu ya kupanda Marangu au Machame, panda. Mlima unaipa injini mzigo na eksozi inapata moto vizuri. Ila usitegemee kurudi kwa mteremko, maana huko filta inapoa.

“Tutoboe, tuondokane nayo”

*Gari langu halina nguvu, halivuki 60, taa ya injini imewaka. Gereji moja imeniambia dawa ni kukata DPF, kutoa kauri na kuchomelea upya. Nifanye?*
Dereva, Sakina, Arusha

Usifanye, ndugu, angalau si kabla ya kujua imejaa nini, na kwa nini. Filta inapokea uchafu wa injini nzima. Ukiikata na chanzo ukakiacha, chanzo kitaendelea kukugharimu ukiwa hukioni.

Mwambie fundi aunganishe mashine na asome shinikizo la kabla na baada ya filta. Aanze ufunguo ukiwa umefunguliwa, injini imezimwa. Lazima isome sifuri. Ikisoma kingine, sensa ndiyo mgonjwa, au vile vihozi viwili vinavyoenda kwenye sensa vimepasuka, vimeziba kwa masizi, au kuna aliyevigeuza. Kisha injini ikiwa na moto, silensa: filta safi ya gari dogo kwa kawaida husoma chini ya kilopaskali 1. Apandishe hadi mizunguko 3,000. Ikipita kilopaskali 10, njia imebanwa kweli.

Atazame pia joto la maji ya injini ukiwa barabarani. Themostati iliyokwama wazi inaiweka injini chini ya nyuzi 70, na uchomaji hauanzi kabisa. Ni kifaa kidogo cha bei nafuu, na tunasikitika kuona filta nzima zikitupwa kwa ajili yake. Baada ya hapo, injekta zinazovuja, hozi ya turbo iliyopasuka, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyokwama, na njia ya hewa iliyoganda kaboni. Injini hizi za Mazda zina ugonjwa huo wa kaboni kwenye manifoldi, na hewa ikipungua moshi unazidi.

Kama ni masizi, uchomaji wa kulazimishwa kwa mashine utayatoa. Ufanyike nje, juu ya lami au zege, mbali na majani makavu, mabua ya mahindi na matairi ya zamani, maana eksozi inakuwa tanuri. Kama mashine inaonyesha masizi yamepita kiwango, usikubali kulazimisha. Yakishika moto yote kwa pamoja, kauri inapasuka au kuyeyuka. Usikubali pia fundi afute hesabu ya masizi kwenye kompyuta bila kusafisha chochote. Kompyuta itaamini filta ni tupu, na itachelewa kuchoma mpaka mzigo uwe wa hatari.

Kama ni majivu, filta inafunguliwa. Hewa ya kompresa au maji hupitishwa kutoka upande wa kutokea moshi kurudi upande wa kuingilia, kinyume cha safari ya uchafu. Mpira wa maji ya shinikizo kali ukisogezwa karibu unavunja kuta, na nyundo ndiyo kabisa. Ipimwe kwenye mizani kabla na baada, ikauke kabisa ndipo irudi, na hapo ndipo hesabu kwenye kompyuta inawekwa upya. Anayefanya kazi hiyo avae barakoa.

Ukitoboa kauri na kuiacha programu ilivyo, kompyuta itaendelea kunyunyiza dizeli ili kuchoma masizi yasiyokuwepo, na oili yako itapanda kama ya mwalimu wa Rau. Halafu kuna mapafu. Juni 2012, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Bomba la gari dogo linatokea kimo cha mtoto anayevuka barabara pale Sakina. Kwetu hilo peke yake linatosha.

Dizeli na chupa za dawa

*Niongeze petroli kidogo kwenye dizeli ili iwake kwa moto zaidi? Na zile dawa za kusafisha DPF?*
Boma Ng'ombe, Hai

Petroli hapana, mafuta ya taa hapana. Pampu na injekta zinalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiichakachua zinasagika, injekta inaanza kudondosha badala ya kunyunyiza, na masizi yanaongezeka. Nunua kituo chenye mauzo ya haraka, na chukua risiti kila mara ili uwe na la kushika ukienda EWURA, wasimamizi wa biashara ya mafuta. Dizeli ya nchi za Afrika Mashariki iliwekewa ukomo wa salfa wa sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015. Japani ni 10. Filta inaishi na hiyo 50. Dawa ya chupa inaweza kusaidia masizi yaungue kwa joto la chini kidogo, lakini haigusi majivu na haiponyi injekta. Peugeot, walioanza kuweka DPF kwenye gari la abiria mwaka 2000, wana tanki dogo la kiongezi chao, na hicho hakibadilishwi na chupa yoyote ya dukani.

Nataka kununua

*Nimepata Demio ya dizeli iliyotumika. Niangalie nini?*
Pasua, Moshi

Fungua ufunguo bila kuwasha: taa ya DPF lazima iwake pamoja na nyingine kisha izimike. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameificha. Ingiza kitambaa cheupe kwenye bomba la eksozi. Kwenye gari lenye filta nzima kinatoka karibu safi, na kikitoka cheusi tii, kauri imepasuka au haipo. Lala chini utafute alama za kuchomelea kwenye kopo la filta. Vuta kijiti cha oili, tazama X. Mwambie muuzaji unataka kuliendesha mpaka Njiapanda na kurudi, na fundi wako akiwa na mashine kitini. Na kama safari zako zote ni Pasua hadi stendi, chukua Demio ya petroli.