Fundi Bunduki Anajibu: Mauser ya babu na darubini ya zama zake

*Shikamoo Fundi. Marehemu babu aliniachia bunduki ya Mauser ya risasi za 9.3x62 yenye maandishi ya Oberndorf, mji wa Ujerumani ilikotengenezwa, na umiliki umeshahamishiwa kwangu kisheria. Nina miaka 52 na alama za kulengea siku hizi naziona kwa ukungu. Nimenunua darubini mpya ya 3-9x40, inayokuza mara 3 hadi 9. Fundi wa hapa anataka kutoboa matundu manne juu na kuukunja mkono wa bolti. Rafiki yangu anasema nitafute darubini ya zama za bunduki yenyewe. Nimsikilize nani?* — Msomaji, Karatu

Marahaba. Msikilize rafiki yako, na huyo fundi mnyang'anye keekee.

Nasema hivyo kwa kuwa fundi huyo niliwahi kuwa mimi. Mwaka wangu wa pili karakanani nilitoboa Mauser kama yako. Chuma chake kimekomazwa kwa juu tu, ndani ni laini. Ncha ya keekee iliteleza kwenye gamba, ikazama upande, na tundu la tatu likatoka limepinda. Singasinga aliyekuwa akinifundisha kazi hakunigombeza. Aliilaza ile bunduki juu ya meza yangu, nikashinda nayo wiki nzima.

Sasa chukua taa, hakikisha bunduki haina risasi, ukague juu ya mwili wake: mbele pale mtutu unapoanzia, na nyuma juu ya njia ya bolti. Bunduki nyingi za Kijerumani za miaka ya 1920 na 1930 zilifungwa darubini kwa makucha, yaani ndoano zilizo chini ya darubini zinazonasa kwenye vibati vya bunduki. Ya mbele huingia kwenye vishimo, ya nyuma hushuka na kubanwa na springi. Ukiona vibati vyenye vishimo hivyo, babu yako alikuwa na darubini, basi pekua masanduku ya nyumbani kabla hujanunua chochote. Nimewahi kukuta darubini ya Zeiss ya watu wanaichezea watoto, wanatazamia mwezi.

Uzuri wa makucha ni kwamba yanaikalisha darubini juu. Mkono wa bolti ya Mauser ukiufungua unainuka, na kile kibawa cha usalama nacho kinapinduka kwa juu. Darubini ikilala chini itagongana na vyote viwili. Ndiyo maana fundi wako anataka kukunja. Atatia moto, na moto ukitambaa unailegeza ile sehemu ya bolti inayovuta pini nyuma. Kwa makucha hukunji kitu. Shavu tu ndilo halitakaa vizuri kwenye kitako, utalenga umenyoosha shingo kama twiga. Utazoea.

Vibati vikiwepo, tafuta Zeiss Zielvier au Hensoldt ya Wetzlar ya kukuza mara 4, au Zielklein ya mara 2¼, ambayo kwa vichakani ndiyo ningeichukua mimi. Usinunue darubini yenye makucha yake ukadhani itaingia tu. Kila moja ilipigwa tupa kwa mkono ifuate bunduki yake, kwa hiyo kuna kazi ya kujaza na kuchonga upya. Kabla ya kulipa itazame kwenye mwanga wa dirisha: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na madoa ya rangi za upinde wa mvua pembezoni ni gundi ya lenzi inaachia. Jioni usiidai mwanga kama wa ile mpya yako, kwani tabaka la kupunguza mng'ao kwenye vioo lilibuniwa Zeiss mwaka 1935 tu.

Usishangae ukikuta kidude kimoja cha kurekebishia: hicho ni cha kupanda na kushuka. Kulia na kushoto utarekebisha kwenye kibati cha nyuma.

Na jicho likae mbali. Kichwa cha risasi yako kina gramu 18.5, bunduki itarudi nyuma kwa nguvu, na ukingo wa darubini za zamani ni chuma kitupu. Nina kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi ya kulia, halijanitoka mpaka leo.

Vibati visipokuwepo, iache kama ilivyo, upimwe macho upate miwani. Hiyo 3-9x40 ifunge kwenye bunduki nyingine.

*Fundi, Winchester Model 70 yangu ni ya 1951, nimeipatia darubini ya zamani ya Weaver K4. Kila nikirekebisha, msalaba wa kulengea unahama katikati ya kioo. Nimeuziwa mbovu?* — Msomaji, Iringa

Hapana. Weaver alianza mfululizo wa K mwaka 1947, na zile za mwanzo ndivyo zilivyoundwa: unachosogeza ni msalaba wenyewe. Rudisha msalaba katikati, halafu nyanyua au elekeza vishikio kwa vipande vyembamba vya bati mpaka ukaribie shabaha ya mita 100. Vile vidude viachie marekebisho madogo ya mwisho.