Kusimamisha Moodle kwenye laptopu yako ukiwa Kigoma: shusha kila kitu kwanza, zima data, ndo uanze kazi

Vijana wa huku Kigoma wananiuliza sana hili, hasa wanaosoma kompyuta vyuoni afu wakirudi likizo wanataka kuendelea na mradi: kaka, nifanyeje niwe na Moodle (mfumo wa kusomea mtandaoni) yangu kwenye laptopu niichokonoe bila kugusa ile ya chuo. Jibu langu huwa ni hilo hilo, jipange kana kwamba intaneti haipo. Maelekezo mengi utakayoyakuta yameandikwa na mtu ambaye kwake mtandao haukatiki, anakwambia piga amri hii, afu hii, afu hii, na kila amri inavuta kitu kutoka nje, we uko Gungu bando limebaki la kuchatia tu na umeme haujulikani unarudi saa ngapi. Kwaiyo kipimo changu ni kimoja. Zima data, zima laptopu, iwashe tena, halafu uone kama unaweza kufanya kazi kutwa nzima bila kukwama. Ukiweza, mazingira yako yamekamilika, ukishindwa kuna kitu hujashusha.

Nazungumzia Moodle kwa sababu ndo vyuo vingi nchini wanaitumia kuweka masomo, kazi na mitihani mtandaoni, na ni programu huria kabisa, kodi zake zote, yaani maandishi ya programu yenyewe, ziko wazi chini ya leseni huria ya GPL. Ilianzishwa na Martin Dougiamas kule Perth, Australia, toleo la kwanza likatoka 2002, imeandikwa kwa lugha ya PHP. Ukishaiweza hii, mifumo mingine ya PHP haitakusumbua, hatua ni zile zile.

Sasa kabla hujashusha hata kitu kimoja, soma ukurasa wa mahitaji wa toleo unalolitaka. Watu wanaruka hapa. Mfano Moodle 4.5, ambayo ni toleo la kudumu muda mrefu lililotoka Oktoba 2024, inataka PHP 8.1 kwenda juu mpaka 8.3, na kama databesi yako ni MariaDB inataka 10.6.7 au zaidi. Haya, mtu ana Windows, anashusha XAMPP (kifurushi chenye Apache, PHP na databesi pamoja) kwa sababu ndo aliyofundishwa darasani, anakuta ndani kuna MariaDB 10.4. Anafika kwenye ukurasa wa kuinstoli, unamgomea, na bando limeshaenda. XAMPP sio mbaya kwa kujifunzia PHP, lakini kwa Moodle za sasa itakupa kazi ya kubadilisha databesi kwa mkono na mi siipendi hiyo kazi.

Ushauri wangu tumia Ubuntu, ni Linux. Ukiweka 22.04 unapata PHP 8.1 na MariaDB 10.6, ukiweka 24.04 unapata PHP 8.3 na MariaDB 10.11, zote zinatosha kwa Moodle 4.5 bila kuongeza chochote cha pembeni. Kama hutaki kuiacha Windows kuna WSL2, Linux inayokaa ndani ya Windows, inafanya kazi vizuri tu, ila mambo mawili. Moja inakula ram, kwaiyo kama una 4GB weka kikomo kwenye faili la .wslconfig la sivyo laptopu itaganda. La pili kodi zako ziweke ndani ya Linux yenyewe, usiziweke kwenye /mnt/c (diski ya C ya Windows) ukidhani ndo rahisi kuziona, Moodle ina mafaili maelfu na kuyasoma kupitia huko ni polepole mpaka unakata tamaa, ukurasa mmoja unasubiri kama unasubiri treni ya kutoka Dar.

Kushusha ufanye usiku, bando za usiku ndo nafuu na mtandao nao unakuwa umepumua. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho kimeokoa hela nyingi za watu ninaowajua: kuinstoli programu kwenye Ubuntu tumia amri ya apt-get, sio apt. Zinafanana, ila apt ikimaliza kuinstoli inafuta vifurushi ilivyoshusha, apt-get inaviacha kwenye /var/cache/apt/archives. Ukiviacha pale unavikopi kwenye flashi, mwenzako wa Ujiji mwenye Ubuntu toleo hilo hilo anaviweka kwenye folda moja na kupiga `sudo dpkg -i *.deb`, hajatumia hata MB moja. Mmoja anashusha, mtaa mzima unainstoli. Mimi nashusha hivi:

`sudo apt-get install apache2 mariadb-server git php libapache2-mod-php php-mysql php-intl php-gd php-zip php-curl php-mbstring php-xml php-soap`

Hizo php-nanihii za mwisho mwisho usiziache hata moja, ukisahau intl au zip Moodle itakuonyesha mstari mwekundu na itabidi urudi hewani.

Kodi za Moodle zenyewe chukua kwa git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, lakini usichukue historia yote. Historia ya Moodle ni ya miaka zaidi ya ishirini, ni mzigo, na git clone ikikatikia katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Kwaiyo:

`git clone --depth 1 -b MOODLE_405_STABLE https://github.com/moodle/moodle.git`

Hiyo inakuletea hali ya sasa ya tawi hilo tu. Siku ukihitaji historia zaidi utaongeza kwa git fetch --deepen, taratibu, ukiwa kwenye mtandao wa bure. Na kabla hujazima data shusha pia zip ya lugha ya Kiswahili, ipo, unaifungua kwenye folda ya lang ndani ya moodledata (folda ya mafaili ya Moodle, naieleza chini). Kama unataka kuandika testi za PHPUnit (za kupima kodi za PHP) basi piga maandalizi yake usiku huo huo kwa sababu yanavuta vitu kwa Composer, kivuta vifurushi vya PHP, na npm ambayo ni ya JavaScript ndo usiseme, node_modules inakula bando kuliko Moodle yenyewe. Mi npm naiacha kabisa mpaka niwe nagusa JavaScript, maana Moodle za sasa zinaipa brauza faili lililojengwa tu, kwaiyo ukigusa JavaScript lazima ulijenge ndo uone mabadiliko, na hapo npm utaihitaji.

Haya data imezimwa. Sasa mambo ya ndani.

Kodi weka /var/www/html/moodle, na folda ya moodledata iweke nje ya hapo, mfano /var/www/moodledata. Hii sio mapendekezo, mafaili ya wanafunzi yanakaa humo na hayatakiwi yafunguke moja kwa moja kwenye brauza. Kuna wanaopenda kuweka kila kitu kwenye home yao, sawa, ila kuanzia Ubuntu 21.04 folda ya home imefungwa wengine wasiisome, na Apache, seva inayotoa kurasa, ni "mwengine", utapata Forbidden ukazunguka humo mpaka jioni. Moodledata iwe mali ya www-data, jina analotumia Apache. Na ukipiga amri za Moodle kwenye terminali usizipige kama root (msimamizi mkuu wa mfumo), piga hivi `sudo -u www-data php admin/cli/purge_caches.php`, vinginevyo zinatengeneza mafaili ya root humo ndani na baadae tovuti inalalamika haiwezi kuandika, unashangaa jana ilikuwa inafanya.

Halafu php.ini, faili la mipangilio ya PHP. Moodle kwenye PHP 8 inataka max_input_vars isiwe chini ya 5000, na inayokuja ni 1000. Mtu anaibadilisha, anawasha Apache upya, anarudi kwenye terminali, inasema bado. Anabadilisha tena, bado. Ndugu yangu php.ini ziko mbili, ya /etc/php/8.3/apache2 na ya /etc/php/8.3/cli (kwa Ubuntu 22.04 ni 8.1), brauza inasoma ile ya kwanza na terminali inasoma ya pili, badilisha zote umalize.

Kitu kingine ni wwwroot, anwani ya tovuti yako. Ukiandika http://localhost/moodle kwenye config.php (faili la mipangilio ya Moodle) basi Moodle inakutaka ufungue kwa jina hilo hilo. Hii inakuja kuuma siku unataka kuona kwenye simu, na lazima uone kwenye simu, wanafunzi wetu wengi hawana laptopu, wanafungulia kazi kwenye simu tena kioo kimepasuka. Washa hotspoti ya simu ukiwa umezima data, unganisha laptopu, piga `ip a` uone namba uliyopewa, iweke hiyo namba kwenye wwwroot badala ya localhost, safisha kashe, fungua kwenye brauza ya simu. Simu na laptopu zinaongea zenyewe bila MB hata moja. Ndo njia ninayoipenda kuliko zote kujaribia, unakaa zako kibarazani pale Mwanga unabonyeza bonyeza kama mwanafunzi.

Kwenye config.php hiyo hiyo ongeza debug ya kiwango cha developer na debugdisplay iwe 1, uone erori kwa macho badala ya ukurasa mweupe. Na hii naomba uichukulie serious sana: `$CFG->noemailever = true;`, inaizuia Moodle kutuma barua pepe yoyote. Kama mwalimu amekupa nakala ya databesi ya shule uitumie kujaribia, humo ndani kuna barua pepe za kweli za watoto wa watu na wazazi, siku umewasha data kidogo tu na cron (kazi zinazojiendesha zenyewe) ikapita, wanapokea taarifa za mtihani ambao haupo. Hata kabla ya hapo, mi nasema usichukue nakala ya kweli kama huna sababu, Moodle yenyewe ina kifaa cha kutengeneza kozi na watumiaji wa majaribio, kinatosha.

Umeme. Laptopu ambayo betri yake imekufa usiendeshee databesi, tafuta hata UPS ndogo. Umeme ukikata ghafla MariaDB kawaida inajirekebisha ikiwaka, ila kuna siku itagoma, na wale wa XAMPP wanaijua ile "MySQL shutdown unexpectedly". Utakuta mtu anakushauri ufute ibdata1. Usifute! Data za jedwali zako zinalitegemea hilo faili, ukilifuta umejimaliza mwenyewe. Kopi folda nzima ya data pembeni kwanza ndo uanze kuchunguza. Bora zaidi kila jioni piga mysqldump (inatoa nakala ya databesi), faili liende kwenye flashi, na kodi zako fanya commit (kuhifadhi hatua kwenye git) mara kwa mara, commit haihitaji intaneti, push ya kuzituma nje ndo inahitaji.

Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makasha yake? Naulizwa kila siku. Moodle wana kifurushi chao kinaitwa moodle-docker na ni kizuri, ukiwa na 8GB au zaidi na mtandao wa ofisi tumia, afu picha zake (images, yaani programu zilizofungashwa) unaweza kuzihifadhi kwa docker save ukampa mwenzako kwenye flashi anazifungua kwa docker load. Kwa 4GB achana nayo, utatumia muda kuisubiri laptopu kuliko kuandika kodi.

Ukisharekebisha kitu kikafanya kazi kwako, usikiache kioze kwenye laptopu. Hitilafu za Moodle zinafuatiliwa kwa namba zinazoanza na MDL, tafuta kwanza kama yako imesharipotiwa, ujumbe wa commit uanze na namba hiyo. Na kama PHP bado inakupa shida, Kiswahili unakijua, ingia AMOS, ndo sehemu yao ya tafsiri, rekebisha maneno unayoona yamekaa vibaya, hiyo inafanyika hata kwa bando dogo.

Ukikwama na ukaamua kunitafuta, nitumie mistari ya mwisho ya /var/log/apache2/error.log, ikopi kama maandishi. Usinitumie picha ya skrini uliyoipiga na simu kwa upande, erori yenyewe imekatwa nusu na kidole chako kinaonekana.