Meza kumi zatosha kwa maonyesho ya sarafu Kisumu
Ndugu, umeuliza kama meza kumi ni chache mno kwa maonyesho ya kwanza. Zatosha kabisa, na huna haja ya hoteli kubwa. Tafuta ukumbi wa kanisa wenye mlango mmoja, mlinzi aone kila anayeingia na kutoka.

Mwanga ndio usiupuuze. Mtu akishika senti kumi ya tundu ya 1936, lazima aweze kusoma jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza wakati huo, lililozunguka tundu; sura yake haimo, na jina hilo ndilo linalowavutia wakusanyaji. Kwa hiyo kila meza iwe na taa, lenzi na mizani ndogo ya sonara.

Ada ya meza ilipwe mapema kwa M-Pesa. Wageni waingie bure, hasa watoto: watengee meza ya sarafu za 2018, zenye twiga, kifaru, simba na ndovu.

Na tafadhali, waambie wauzaji wasisugue sarafu kwa majivu wala dawa ya kung'arishia. Huondoa thamani, na inaniuma sana kuona shilingi ya 1921 ikiharibiwa hivyo. Tangazo lipeleke redio za Kiluo pia. Wazee wengi hawamo kwenye makundi ya WhatsApp.