Mnaouliza kuhusu ubaguzi kwenye ustawi wa jamii Uingereza

Wadogo zangu mnaojiandaa kuja Uingereza kufanya kazi ya ustawi wa jamii, mnauliza: ubaguzi upo, na ukinikuta nifanyeje?

Upo. Mteja anaweza kukufungia mlango akisema anataka mzungu. Hilo linauma, ila angalau kila mtu amelisikia. Unaomaliza watu ni ule wa ofisini: kosa lile lile, mwenzako anaitwa pembeni na kuelekezwa, wewe unafunguliwa shauri la nidhamu. Takwimu za Skills for Care, shirika linalofuatilia wafanyakazi wa huduma za jamii England, zimeonyesha kwamba wafanyakazi wasio wazungu hufikishwa huko zaidi.

Kwa hiyo andika. Siku hiyo hiyo, kabla hujalala: tarehe, saa, nani alikuwepo, na maneno yenyewe yalivyotamkwa, hata yawe machafu. "Alinidharau" haisaidii, andika alichosema, kisha mtumie msimamizi kwa barua pepe ya kazini. Majina ya wateja yasiingie kwenye simu yako binafsi, maana hilo peke yake linaweza kukufukuzisha kazi.

Jiunge na chama cha wafanyakazi wiki ya kwanza. Ukingoja tatizo lizuke, kwa kawaida hawalichukui lililokuwepo kabla hujajiunga. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakulinda wewe, na inamlinda pia anayekutolea ushahidi asilipiziwe kisasi. Ukitaka kwenda baraza la ajira (employment tribunal), yaani mahakama ya kesi za kazi, hesabu miezi 3 kasoro siku 1 tangu tukio, na kabla ya hapo lazima upitie Acas, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi, ambao ni bure. Kinachowaponza watu ni kungoja majibu ya malalamiko ya ndani huku siku zinahesabika.

Mwenzako akibaguliwa mbele yako, usinyamaze kikaoni halafu ukamfuata jikoni kumpa pole. Sema pale pale kwamba maneno hayo hayakubaliki, kisha muulize anataka nini kifanyike, na umwandikie ulichokiona. Mteja akimkataa mfanyakazi kwa rangi yake, meneja ndiye anayepaswa kumwandikia mteja huyo. Kubadilisha mfanyakazi kimya kimya kunamfundisha mteja kuwa ubaguzi unalipa. Kumrudisha mfanyakazi peke yake kwenye nyumba ile ni ukatili. Waende wawili.

Sasa wateja, na hapa nataka mkae makini, kwa sababu kalamu ni yenu. Ukiandika "mama ni mkali, hashirikiani", neno hilo litanakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti mpaka mahakamani. Andika ulichokiona: "Mama alipaza sauti alipoambiwa mtoto atahojiwa bila yeye, aliuliza sababu mara tatu, alibaki amekaa." Halafu jiulize kama mama mzungu ungemwandika vivyo hivyo. Huku watu weusi hulazwa kwa lazima chini ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara 3 kuliko wazungu, na safari hiyo mara nyingi huanza na maneno kama hayo.

Lakini msije mkajificha nyuma ya "ndio utamaduni wao". Victoria Climbié, mtoto wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, aliuawa London mwaka 2000. Alikuwa akisimama wima kwa woga mbele ya waliomlea, na uchunguzi rasmi wa kifo chake, ulioongozwa na Lord Laming, ulionyesha kuwa woga ule ulichukuliwa kama heshima ya kitamaduni. Muone mtoto peke yake, na mkalimani awe wa kulipwa, kamwe asiwe ndugu wala mtoto mwenyewe.

Wengi hunyamaza kwa ajili ya viza, kwa kuwa mdhamini ni mwajiri. Hofu hiyo ina msingi: ajira ikikatika, kwa kawaida unapewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Basi tafuta mwajiri mwingine mwenye leseni ya udhamini ungali kazini, na usiache kazi kabla ombi jipya la viza halijakubaliwa.