Maswali Yenu ya Simu: "Nimezima lokesheni, mbona bado inajua nilipo?"

Mwezi huu karibu meseji zenu zote zimebeba hofu moja, kwamba simu inawafuatilia. Hofu hiyo ina msingi kabisa, ila nikizisoma naona wengi mnaogopa kitu ambacho hakiwadhuru na mnaacha wazi kile kinachowadhuru kweli. Nimechagua tano, zilizobaki nitazijibu toleo lijalo.

SWALI: Habari mhariri, nipo Dodoma natumia Android. Kwenye akaunti yangu ya Google nilishazima historia ya lokesheni muda mrefu tu maana sipendi kufuatwafuatwa. Sasa juzi nimetoka kula sehemu, nafika nyumbani simu inaniuliza mgahawa ulikuwaje niupe nyota ngapi. Imejuaje?? Hawa wanatudanganya au mimi ndo sijui kuzima?

JIBU: Kaka, kuzima umezima, tatizo swichi ziko zaidi ya moja na wewe umegusa moja tu.

Hiyo uliyozima kazi yake ni kuchora njia zako, leo ulipita wapi jana ulipita wapi. Lakini kwenye akaunti hiyohiyo kuna kipengele kingine kinaitwa Web & App Activity ambacho kinakuja kimeshawashwa tangu siku unafungua akaunti, na hicho nacho kilikuwa kinahifadhi mahali ulipo kila ukifungua Maps au ukitafuta kitu, hata kitu kisichohusu mahali kama mapishi ya biskuti. Shirika la habari la Associated Press ndo lililoanika jambo hili Agosti 2018, na chanzo chake kinafanana na kisa chako: mtafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley alikuwa amezima historia, akatoka dukani, simu ikamuuliza duka lilikuwaje. Wakati huo ukurasa wa msaada wa Google wenyewe ulikuwa unasema ukizima historia basi sehemu unazokwenda hazihifadhiwi tena. Habari ilipotoka wakabadilisha yale maandishi. Novemba 2022 wakakubali kulipa dola milioni 391.5 kwa majimbo 40 ya Marekani, na Mei 2025 wakakubali kulipa jimbo la Texas peke yake dola bilioni 1.375 kwa madai ya lokesheni na mengine ya faragha. Kwahiyo ukiniuliza kama watu walidanganywa mimi nakwambia ndiyo, na inaniuma kwasababu sisi huku tunatumia Google ileile na hakuna aliyekuja kutuambia chochote.

Sasa fanya hivi. Ingia setingi, tafuta Google, fungua akaunti yako, nenda sehemu ya data na faragha. Utakuta Web & App Activity, na ile historia ambayo sahivi inaitwa Timeline. Zima zote mbili. Alafu ufute ya nyuma, hapa ndo wengi mnasahau, kuzima kunasimamisha ya kesho tu, yale ya nyuma yanaweza kubaki palepale mpaka uyafute kwa mkono wako. Ukimaliza rudi setingi kwenye lokesheni, angalia apu moja moja: tochi haina kazi na lokesheni, kikokotoo vivyo hivyo, apu ya kuitia bodaboda inaihitaji ila pale unapoitumia tu, na kama simu yako ni Android 12 kwenda juu unaweza kuiambia apu ya hali ya hewa ijue mji tu isijue nyumba. Hapohapo kwenye lokesheni kuna sehemu ya skani ya waifai na bluetooth. Hiyo inaruhusu simu inuse mitandao iliyo karibu hata kama waifai umeizima, zima nayo.

Wenye iPhone msijione mko salama, na kwenu kuna kitu cha aina hiyo kimefichwa chini kabisa: setingi, faragha, lokesheni, shuka mpaka huduma za mfumo, ndani yake utakuta Significant Locations. Apple wanasema hiyo imefungwa kwa njia ambayo hata wao hawaisomi. Sawa, ila kama hujawahi kuiona ingia uione, uamue mwenyewe.

Baki la mwisho ni mnara, na hapa sitakudanganya, hakuna setingi ya mnara. Simu ikiwa hewani kampuni ya laini inajua uko karibu na mnara gani, la sivyo usingeweza kupigiwa, na laini zetu Tanzania tumesajili kwa alama za vidole kwahiyo namba ina jina lako. Kilichowakera watu mwaka 2017 ni pale ilipogundulika kwamba simu za Android zilikuwa zinachukua utambulisho wa minara iliyo jirani na kuipelekea Google hata lokesheni ikiwa imezimwa, hata bila laini ndani. Ilipoandikwa Novemba mwaka huo Google wakasema wanaacha. Mnara wenyewe lakini upo, na kama kuna safari hutaki ionekane hata na kampuni ya laini basi simu izimwe au ibaki nyumbani.

SWALI: Mimi ni mama wa Mombasa. Jioni moja tulikuwa twazungumza na dada yangu kuhusu magodoro, sikuandika popote wala kutafuta. Usiku nafungua simu, tangazo la magodoro. Sasa nikitaka kusema jambo naiweka simu chumba cha pili. Yatusikiliza?

JIBU: Mama, wanaoniuliza hili ni wengi mno. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern huko Marekani walipima apu zaidi ya 17,000 za Android wakitafuta inayowasha maiki kimyakimya na kutuma sauti. Hawakupata hata moja. Ila walikuta zinazorekodi kinachoonekana kwenye skrini na kupeleka kwa kampuni nyingine bila mwenye simu kujua, na hilo limenitisha kuliko maiki.

Tangazo lilikujaje basi? Muulize dada yako, kuna uwezekano mkubwa yeye alishatafuta magodoro, na nyinyi mlikuwa nyumba moja, waifai moja, simu zimekaa pamoja jioni nzima. Kampuni za matangazo zinaweza kukisia kwamba hizi simu mbili ni za watu wa karibu, inatosha. Kinachowaunganishia haya yote ni namba ya matangazo ambayo kila simu inayo ndani yake, na watu hawajui kama inafutika. Android mpya: setingi, Google, matangazo, futa kitambulisho cha matangazo. iPhone tangu mfumo wake wa iOS 14.5 wa Aprili 2021 apu inalazimika kukuomba ruhusa kabla ya kukufuata kwenye apu za wengine, kikija kile kiboksi kataa. Na msidhani kukataa hakuna uzito, Februari 2022 kampuni ya Meta, wenye Facebook, ilisema yenyewe kwamba badiliko hilo la Apple litaipunguzia mapato kama dola bilioni 10 kwa mwaka huo. Bilioni kumi, kwasababu watu walibonyeza hapana!

Kuhusu kusikilizwa sisemi hakuna kabisa. Wasaidizi wa sauti kama Siri huwashwa kwa bahati mbaya wakidhani wameitwa, na Januari 2025 Apple ilikubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi ya namna hiyo huku ikikanusha kosa. Kama humtumii mzime. Pia zoea kutazama juu ya skrini: kwenye Android 12 na kuendelea kikitokea kialama cha kijani ujue maiki au kamera inatumika sasa hivi, kwenye iPhone rangi ya chungwa ni maiki na kijani ni kamera. Ukikiona na hupigi simu wala hurekodi video, vuta skrini chini ukiguse, utaiona apu ni ipi.

SWALI: Kuna meseji inazunguka magrupu ya WhatsApp, eti bonyeza *#21# utajua kama simu yako imedukuliwa. Mimi nimebonyeza imeniletea maneno mengi nimeogopa. Kigoma.

JIBU: Tulia ndugu yangu. *#21# inaonyesha kama simu zako zimeelekezwa namba nyingine, basi, haijui chochote kuhusu udukuzi. Kuna mwenzake *#62# ambayo watu huona namba wasiyoijua wakapiga kelele, kumbe mara nyingi ni namba ya ujumbe wa sauti ya mtandao wao. Ukikuta kweli simu zinaelekezwa namba ya mtu na wewe hukuweka, bonyeza ##002# upige, itafuta yote. Ila cha maana zaidi kwako Kigoma ni *106#, itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na hapo ukikuta laini usiyoijua ndo uwahi kwa mtoa huduma siku hiyohiyo.

SWALI: Sasa mhariri, niko Nakuru. Nimeangalia orodha ya apps kwa simu nikapata moja inaitwa Android System SafetyCore. Sikuiweka mimi, haina hata icon. Watu wanasema inakagua picha zetu. Niitoe?

JIBU: Ukitaka kuitoa itoe, inatoka kama apu nyingine, ingawa inaweza kurudi yenyewe na masasisho ya Google. Google wanasema inatambua picha za utupu na mambo ya aina hiyo humohumo ndani ya simu bila kutuma picha popote, ili apu kama ya meseji iweze kukuonya kabla hujafungua. Mimi kazi yake hainisumbui sana, huenda ikamsaidia hata mtoto. Kinachonisumbua ni kwamba iliingia kwenye simu za watu bila hodi, mtu akaja kuikuta kwa kubahatisha, na ukishaingia kwangu hivyo sina sababu ya kukuamini ukiniambia umekuja kwa wema.

SWALI: Shikamoo. Naomba usitaje mji wangu. Mume wangu ananiambia kila sehemu niliyokwenda, hadi saa niliyofika kwa mama. Simu alininunulia yeye, na Gmail alifungua kijana wa dukani wakiwa wote wawili. Mimi nywila siijui. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujagusa kitu.

Kwako sioni dalili ya udukuzi, nadhani ni hiyo Gmail. Mwenye nywila ya Gmail iliyo kwenye simu anaweza kuitafuta simu ilipo kwa huduma ya kutafuta simu iliyopotea, na kama simu imewekwa kuhifadhi nakala kwenye Gmail hiyo anaona hadi majina uliyosevu na picha. Huku kwetu watu wangapi wanatembea na Gmail iliyofunguliwa na kijana wa dukani, nywila akaiandika kwenye daftari lake au akawawekea wateja wote namba moja ya simu! Angalia pia Maps, gusa picha ya juu, ingia kwenye kushiriki lokesheni, jina lake likiwepo utaliona. Na WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uone kama kuna kifaa usichokijua.

Kujitoa, fungua Gmail mpya kwa simu ya mtu unayemwamini, weka nywila yako na namba ya uokozi iwe yako, isiwe namba yoyote anayoishika yeye maana kwa hiyo atairudisha. Kisha toa Gmail ya zamani kwenye setingi za akaunti, uingize mpya. Ukitaka kureseti simu, Gmail ya zamani itoke kwanza, la sivyo simu ikiwaka inaweza kukudai nywila usiyoijua ukabaki na simu imefungwa.

Lakini mdogo wangu, ukizima tu ataona umezima. Kama ni mtu anayekupiga au unahofia atafanya hivyo, usibadilishe kitu ukiwa peke yako nyumbani. Mwambie kwanza mama, au dada, au dawati la jinsia la polisi, na mambo haya yaulize kwa simu ya mwingine, kwasababu hiyo ya kwako hata ulichotafuta leo anaweza kukisoma. Ukikwama hatua yoyote tuandikie tena kwa namba uliyotumia, jina lako halitatoka.