Kabla hujafungua injini, hesabu meno ya sproketi

Juzi kijana mmoja wa Sur, Omani, kaniandikia kuhusu sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, za kwadi yake, pikipiki ya magurudumu manne: "Shikamoo ami. Kwadi yangu haipandi mchanga, nikiingiza gia ya tatu inakufa nguvu. Nimeambiwa nifunge sproketi ya nyuma ya meno 44. Ni kweli?"

Marahaba mwanangu. Nilicheka, halafu nikanuna, maana ugonjwa huo umenila riyali 180.

Yangu ni Honda TRX400EX, ile ya kabureta, CC 397, inayopozwa kwa hewa. Kiwandani hutoka na meno 15 mbele na 38 nyuma. Gawa 38 kwa 15 upate 2.53, yaani sproketi ya mbele izunguke mara mbili na nusu ndipo akseli izunguke mara moja. Namba ikipanda unapata nguvu unapoteza kasi, ikishuka kinyume chake. Hayo nilikuwa nayajua, na ndiyo maana sikumuuliza mtu.

Msimu mmoja wa baridi nikanunua tairi za makasia, zile zenye mabawa ya mpira yanayochota mchanga. Inchi 22. Za asili ni inchi 20, lakini hizi zilijaa vizuri nyuma, nami nikazipenda kwa macho. Ijumaa tukaenda Bidiya, kwenye matuta ya mchanga. Tuta la kwanza, gia ya pili, safi. Nikaingiza ya tatu katikati ya kupanda, injini ikaguna kama ng'ombe aliyeshiba. Kurudisha ya pili nimeshachelewa: mchanga laini ukiachia mafuta kidogo tu ubadilishe gia, unakukamata. Nikakwama nusu tuta, makasia yakachimba mpaka akseli ikalala juu ya mchanga. Mpwa wangu wa miaka 16 akapita ubavuni na kikwadi chake, akanipungia mkono. Mkono ule ninauona mpaka leo.

Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa: "Kompresheni imekwisha, mzee," yaani injini haibani hewa tena. Sikubisha. Pistoni mpya, ringi, gasketi, riyali 180. Tukarudi Bidiya. Tuta lile lile, gia ile ile, nikakwama mahali pale pale.

Usiku ule nikakaa sakafuni na chaki. Nikatia alama kwenye tairi na chini, nikaisukuma mzunguko mmoja, nikapima kwa futi kamba. Nikafunga tairi ya zamani nikafanya vivyo hivyo. Tofauti ilikuwa kama sentimita 15. Inchi 22 kwa 20 ni asilimia 10, basi ile 2.53 yangu ilikuwa imeshuka mpaka kama 2.30, na sproketi sijaigusa! Injini ilikuwa nzima siku zote.

Hapo hasira ikanipeleka upande wa pili, na hapa ndipo penye jibu la kijana wangu. Nikafunga 13 mbele na 44 nyuma. Kwadi ikapanda kama mbuzi, ila gia ya kwanza haikuwa na kazi tena, na tuta moja likawa linataka gia mbili tatu. Kila nikibadilisha, mchanga unanikamata. Kwenye tambarare injini inalia, mpwa ananipita tena. Isitoshe, sproketi ya meno 13 hukunja cheni kwa ukali. Ilinilia plastiki inayokinga mkono wa nyuma, yaani ule mhimili wa chuma unaoshika akseli.

Leo nina 14 na 40, yaani 2.86. Ukitoa wizi wa zile tairi inabaki kama 2.60, juu kidogo ya ya kiwandani. Gia ya tatu inanichukua kutoka chini mpaka kileleni bila kuigusa klachi. Na kikwadi cha mpwa sasa kinanipisha, niseme ukweli.

Kwa hiyo vijana, chagueni kwa ile gia mnayopandia tuta. Mambo ya mwendo wa juu kabisa ni ya kusimuliana barazani. Anzeni mbele: jino moja likipungua mbele ni sawa na karibu matatu kuongezeka nyuma, na sproketi ya mbele ni rahisi na inafungwa upesi. Panda tuta, sikiliza, ndipo ufikirie ya nyuma, na ukumbuke meno yakiongezeka sana cheni haitatosha. Meno yakishalala upande mmoja kama pezi la papa, badilisha zote mbili na cheni yake, usiunganishe kipya na kibovu. Tena nasema, chagua kwa gia ya kupandia. Mnanunua vitu kwa macho, kisha injini ndiyo inayofunguliwa. Pistoni yangu ya zamani bado ninayo kabatini, laini, haina hata mkwaruzo.

Wewe wa Sur, hiyo 44 iache dukani kwanza. Nenda kwenye tairi la nyuma, futa mchanga ubavuni, unitumie namba ya mwanzo iliyoandikwa pale, ndiyo kimo cha tairi kwa inchi.