Ukitaka kumwandika Zeus mwenye hofu, anza na baba yake

Tangu tamthilia ya Kaos, inayowaleta miungu wa Wagiriki wa kale katika dunia ya leo, ilipotoka Netflix mwaka 2024, miswada ninayoletewa na waandishi chipukizi imejaa Zeus, mfalme wa miungu hao, wa aina moja: kigogo mwenye jumba kubwa, walinzi mlangoni, hasira zisizotabirika, mtu wa kuua watumishi kwa kosa dogo. Sishangai. Zeus wa tamthilia ile anajitazama kwenye kioo, anaona kunyanzi kwenye paji la uso, anakumbuka utabiri wa kuanguka kwake, na kuanzia hapo hana raha tena. Waandishi wangu wanaichukua hasira yote. Kunyanzi wanaliacha.

Naandikia jukwaa, na visa vya Wagiriki ndivyo nilivyovishughulikia zaidi ya vingine vyote, kwa hiyo ninayokuambia hapa nimeyaona yakishika watazamaji, au yakiwafanya watoe simu zao mfukoni. Zeus anayefoka tu huchosha kabla ya onyesho la pili kwisha. Watu wanataka kujua anaogopa nini, na jibu limo ndani ya ukoo wake.

Uranos, babu yake Zeus, aliwachukia wanawe akawasukuma warudi tumboni mwa mama yao, Gaia. Kronos, mdogo kuliko Watitani wote, yaani watoto wa Uranos na Gaia, akamhasi baba yake kwa mundu na kukaa kwenye kiti. Naye Kronos akaambiwa kwamba mwanawe atampindua, akawa anawameza watoto kila wanapozaliwa: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon. Zeus alipona kwa sababu Rhea alimfungia mumewe jiwe kwenye nepi, na yeye akafichwa Krete. Alipokua, alipigana na baba yake na Watitani miaka 10 hadi akashinda. Mtu aliyempindua baba yake, ambaye naye alimpindua babu, hahitaji mpiga ramli wa kumwambia kiti kile kinapinduliwaje. Njia anaijua, aliipita mwenyewe.

Sasa fungua Theogonia, utenzi wa Hesiod kuhusu asili ya miungu, mahali vita vinapokwisha. Miungu wanamwomba Zeus awe mfalme, anakubali, anawagawia heshima zao. Halafu jambo la kwanza kabisa linalosimuliwa baada ya hapo ni ndoa yake na Metis, mwenye busara kuliko miungu na wanadamu wote, na jinsi alivyommeza akiwa na mimba ya Athena. Sababu: ilitabiriwa kwamba baada ya binti huyo, Metis angezaa mwana wa kuwatawala miungu na watu. Kronos alimeza watoto. Zeus akajifunza kutoka kwa baba yake, akammeza mama mapema. Kama utaandika onyesho moja tu kuhusu mtawala huyu, andika hilo, na uliandike kwa utulivu, maana Hesiod anasema alimhadaa kwa maneno matamu. Hakumpigia kelele hata kidogo.

Na Metis hakufa. Hesiod anasema yumo ndani, anamshauri mema na mabaya. Kwenye igizo letu nilimpa mwigizaji wa kike kiti nyuma ya kiti cha Zeus, anaonekana na watazamaji ila hakuna mhusika anayemwona. Kila uamuzi wa maana hutoka kwanza kinywani mwake kwa sauti ndogo, kisha Zeus anaurudia kwa sauti ya kifalme kana kwamba ni wake. Mara ya kwanza ukumbi haujaelewa. Mara ya pili unasikia watu wanaguna. Ya tatu, Zeus anageuka nusu kuangalia nyuma kabla ya kujibu swali la mkewe, Hera, na hapo hapahitajiki mazungumzo ya kueleza kwamba hajiamini. Nakusihi usimpe hotuba ya kueleza majeraha ya utotoni. Mtu kama huyu hajielezi, na akianza kujielezea, hofu inageuka ripoti ya daktari.

Jambo jingine ambalo miswada mingi inalikosa ni kwamba hofu yake ina ushahidi. Katika kitabu cha kwanza cha Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, shujaa Achilles anamkumbusha mama yake, Thetis, siku ambayo Hera, Poseidon na Athena walitaka kumfunga Zeus minyororo. Mke, kaka, na binti aliyetoka kichwani mwake mwenyewe! Aliyemwokoa ni Thetis, mungu wa baharini asiye na cheo kikubwa, aliyemwita Briareus mwenye mikono mia. Briareus hakupigana. Alikaa tu kando ya Zeus, na wale watatu wakaacha.

Huyo huyo Thetis, kwa usimulizi wa mshairi Pindar, alitakiwa na Zeus na Poseidon wote wawili, mpaka Themis, mungu wa haki, alipotoa unabii kwamba mwana wa Thetis atakuwa na nguvu kuliko baba yake. Wakakubaliana haraka aolewe na mwanadamu, Peleus. Wewe kama msimulizi una ruhusa ya kuviunganisha visa hivi viwili, na ukiviunganisha unapata mhusika: aliyekuokoa ndiye unayemwogopa, na unamlipa fadhila kwa kumwoza mume atakayezeeka na kufa. Weka arusi ya Thetis katikati ya kisa chako. Zeus awe ndiye mshenga asiyetumwa na mtu, mchangamfu kupita kiasi, mwenye zawadi nyingi mno, akiangalia mlango hadi bwana arusi aingie. Bibi arusi aelewe kila kitu na asiseme.

Kuhusu usasa: simu, kamera na magari meusi ni mapambo, weka upendavyo. Walinzi, hata hivyo, usiwabuni, Wagiriki wamekwisha kukupa. Styx, mungu wa mto wa kuzimu, alikuwa wa kwanza kumjia Zeus wakati wa vita pamoja na watoto wake, na wawili kati yao, Kratos na Bia, yaani Nguvu na Mabavu, hawakai popote mbali na Zeus. Katika mchezo wa kale wa Prometheus, aliyewaibia wanadamu moto wa miungu, kufungwa mwambani, ndio wanaomleta mfungwa, na Hephaestus, mungu mhunzi, anapigilia misumari huku moyo unamuuma. Kratos anasema sana. Bia hasemi neno lolote toka mwanzo hadi mwisho wa mchezo. Na Zeus mwenyewe haonekani hata mara moja! Mwandishi anayetaka kutisha watu ajifunze hapo: mlinzi mmoja asiyezungumza anatosha, na ngurumo unaweza kuziacha.

Kuna sehemu katika kitabu cha nane cha Iliad ambapo Zeus anawaambia miungu kwamba hata wakishika kamba ya dhahabu wote na kumvuta, hawatamshusha. Yeye akitaka atawavuta wao pamoja na dunia na bahari. Waigizaji hupenda kuipiga kelele. Nilimwomba wetu aiseme polepole huku akipitisha macho kwa kila mmoja, kuona nani anaitikia kwa kichwa na nani anaangalia chini. Ikawa kauli ya mtu anayehesabu watu wake.

Usisahau kumpa jambo la kumhurumia, na namaanisha huruma ya kweli. Mwanawe Sarpedon anapokaribia kuuawa Troya, Zeus anataka kumwokoa. Hera anamkanya: ukimwokoa wako, na miungu wengine watataka kuwaokoa wao. Baba mwenye uwezo wote ananyosha mikono, anaacha mtoto afe, na kudondosha mvua ya damu ardhini. Onyesho hilo linanitoa machozi mpaka leo, na ndilo linalomtenganisha mtawala mwenye hofu na jambazi wa kawaida.

Tatizo la mwisho ni mwisho wenyewe. Karibu kila mswada unamwangusha Zeus. Kwa Wagiriki haanguki: mwana wa Metis hazaliwi, Thetis anazaa Achilles anayekufa, na Prometheus, aliyeijua siri ya mwana wa Thetis, anafunguliwa. Ninachowashauri waandishi ni wamwache kitini, kwa sababu kukilinda kiti hicho na kila unabii ndiyo kazi isiyomwachia siku ya kupumzika. Kama lazima umwangushe, basi mpe mrithi wake jina, mama na mke, kisha uandike siku ya kwanza ya mrithi huyo kwenye kiti kile, na nani anaingia chumbani kumletea unabii wake.